Upande wa Ndani wa Mkono wa Fedha

Furaha, siku ya kuniaga nilipostaafu uliniomba niandike habari za kazi yetu kwa Kiswahili, ili mama yako kule Malvern aelewe unachofanya, maana mpaka leo anawaambia wenzake kanisani kwamba binti yake anaosha vyombo vya makumbusho. Nimeandika. Mama yako hajakosea sana, tofauti ni kwamba sisi kikombe kimoja tunakiosha miezi mitatu. Wewe mwenyewe utasoma na kunijibu kwa Kiingereza, kama ulivyonijibu miaka yote tuliyokaa karakana moja, na mimi sina neno. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Mimi ni binti wa sonara. Baba alikuwa na duka dogo Tanga, na nilipokuwa msichana nilikaa kwenye kigoda pembeni yake nikimshikia koleo. Kwake fedha ilikuwa kitu cha kung'aa, basi. Mteja akileta bangili iliyosawijika, baba aliirudisha inameremeta hata mwenyewe akaona haya kuivaa sokoni. Tulipohamia Toronto nilitengeneza saa na mikufu kwenye kibanda cha ndani ya maduka ya Don Mills, kisha nikajipa moyo nikarudi shule nikiwa na watoto wa sekondari, tukawa tunagombania meza ya kulia chakula kila jioni kwa ajili ya vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili makumbusho ikanichukua kwenye karakana ya metali.

Siku ya kwanza nilivaa suti. Mkuu wa karakana, Margit, Mhungaria mfupi mwenye aproni iliyotobokatoboka kwa asidi, aliitazama ile suti kwa huruma, akanipa kijiko cha fedha kilichokuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Nikauliza dawa ya kusafishia iko wapi. Akasema, "Nani kakwambia ukisafishe? Kiangalie."

Nikakiangalia mpaka saa ya chakula. Alipokuja kuniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona uchafu. Akasema, "Basi kesho utakiangalia tena."

Nilirudi nyumbani Don Mills nimenuna. Mume wangu akaniuliza kazi ikoje, nikamwambia wamenilipa kutwa nzima kutazama kijiko. Akasema niwaulize kama wana nafasi nyingine. Lakini siku ya pili nilikigeuza, na mgongoni nikaona alama za nyundo, ndogondogo, zimepangana, zikipungua ukubwa kuelekea kwenye mpini. Aliyekifua alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nilimwambia Margit hivyo, naye akavuta kiti akaketi karibu yangu kwa mara ya kwanza.

"Mbele fundi anamwonyesha mnunuzi," alisema. "Nyuma anaongea na fundi mwenzake. Wewe kila kitu kigeuze kwanza."

Kung'aa, kwa Margit, kulikuwa karibu na jinai. Ule weusi unaoutoa ni fedha yenyewe imebadilika, kwa hiyo kila unaposugua unaondoka na ngozi ya chombo, na nakshi iko kwenye ngozi hiyo hiyo. Ilinichukua muda kulikubali hilo, maana nilihisi kama namsema baba. Nilimpigia simu Tanga nikamweleza. Akacheka, akasema mteja wake hakuwa anataka bangili ikae miaka mia nane, alitaka ikae mpaka harusi ya Jumamosi. Nikaona wote wawili wana haki.

Vifaa vyetu mnavijua, lakini mama Furaha havijui, na vitamshangaza kwa unyonge wake. Vijiti vya mianzi, vile vya kuchomea mishikaki. Pamba. Brashi za rangi za watoto. Kioo kidogo cha daktari wa meno, chenye mpini mrefu, ambacho nilikipata kwa daktari wangu mwenyewe baada ya kung'olewa jino. Na mate. Ndiyo, mate yetu wenyewe kwenye pamba, kwa sababu hayachubui na hayauzwi. Sharti ni kwamba usiwe umekula pilipili, jambo lililonigharimu achari nyingi za mchana kwa miaka yote ile.

Margit alistaafu akaniachia meza iliyo karibu na dirisha. Zikapita kazi nyingi, visu, mabirika, sinia moja la Kiajemi lililonitoa machozi. Lakini kazi ninayotaka uijue vizuri ni ya ule mkono.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Kulikuwa na nyumba ya masista wa Kikatoliki upande wa Scarborough, nyumba kubwa ya matofali, na ndani yake wamebaki wazee wanne. Waliamua kuifunga na kuhamia kwenye makao ya wazee. Katika kanisa lao dogo walikuwa na kitu ambacho hata Helen, mtunzaji wetu wa vitu vya kale vya Ulaya, alikisikia akadhani wanamtania. Ulikuwa mkono wa fedha, wa urefu wa mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole, umesimama wima, vidole viwili vimeinuliwa kama vya padri anayebariki. Ndani ni mti, juu yake umevikwa bamba za fedha zilizopigiliwa vimisumari. Kwenye kifundo kuna pindo la shaba iliyopakwa dhahabu, na rangi ya bluu ya kioo kilichochomwa. Ubavuni kuna kidirisha cha jiwe angavu, na nyuma ya kidirisha kuna mfupa. Wakristo wa zamani walihifadhi hivyo masalia ya watakatifu wao, mfupa wa mkono ndani ya mkono, ili anayekuja kuomba ajue anasalimiana na nani. Ulitengenezwa Ulaya yapata miaka mia nane iliyopita, na masista wa kwanza walivuka nao bahari kuja Canada.

Masharti yao yalikuwa mepesi. Fedha iende makumbusho, mfupa ubaki kanisani, katika altare ya parokia iliyo jirani na mtaa wa Regent Park, ambako wanasali Wakongo na Warundi wengi. Tatizo likawa moja tu. Ofisi ya askofu ilisema haiwezi kuweka masalia kwenye altare bila kujua ni ya nani, na hakuna aliyejua. Chini ya mkono, kuuzunguka, kulikuwa na ukanda wa fedha wenye maandishi, na maandishi yalikuwa yamefutika. Ukipitisha kidole ulihisi ulaini mtupu. Jina lisipopatikana, mfupa ungebaki ndani ya mkono, na mkono ungeingia kwenye chumba chetu cha hifadhi, na kwenye kumbukumbu zetu mfupa wenyewe ungeandikwa kama kitu tu, kama tunavyoandika pembe na meno ya tembo.

Mkono uliletwa na sista mmoja mzee, Sista Odile, Mkanada wa Quebec, anatembea kwa fimbo mbili. Nilimkaribisha kwa Kiingereza. Akasoma jina langu kwenye beji, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Tanzania. Uso wake ukafunguka, na kikatoka Kiswahili cha Bukavu kama kimetoka kisimani.

"Aksanti Mungu. Mi nilikaa Bukavu miaka mingi, nilifundisha batoto kule. Sasa huku siko na mutu wa kuongea naye, masera wenzangu banaongea tu Kifaransa."

"Karibu sana, masera," nikamwambia, maana nilijua Wakongo wetu huwaita hivyo. "Mimi ni Shirin."

"Mama Shirin. Kiswahili yako ni ya ku radio."

Nilimjibu kwamba chake ni cha sokoni, na hicho ndicho kinachouza. Akacheka, akaketi. Helen alitutazama sisi wawili, Mwismaili wa Tanga na mtawa wa Quebec, akaamua kwenda kuleta chai.

Helen alipotoka, Sista Odile akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mwingine wa kumwelewa.

"Mama Shirin, minataka kukuambia kitu. Kila mwaka, mbele ya sikukuu ya batakatifu bote, mi njo nilikuwa nasugua ule mukono. Kisha kurudi kutoka Bukavu bakanipa ile kazi. Mbele yangu kulikuwa masera ingine, naye alipokea kwa mwingine. Zamani ilikuwa majivu. Mi nikatia dawa ya meno. Ilikuwa inangaa, hata batu banalia." Akaangalia mikono yake. "Nilipoanza, nilikuwa naona bado kaherufi kamoja kamoja. Sasa hakuna. Minauliza: ni mi nilifuta jina yake?"

Nilijua jibu la karakana. Kila mmoja wao alifuta kidogo, miaka mia nane ya upendo na majivu, na dawa ya meno ikamalizia. Lakini nilikuwa natazamana na mama mwenye umri wa mama yangu, ambaye alikuwa anaogopa kwamba mtu aliyemwombea maisha yake yote sasa hana jina kwa sababu yake. Niliona uchungu kweli. Nikamwambia, "Masera, sijui bado. Nipe muda nimgeuze."

Tukaanza. Tulijaribu taa ya pembeni, ile unayoilaza ili mwanga upite juu ya bamba na kuacha vivuli kwenye mashimo. Haikuonyesha kitu. Tukapeleka mkono eksirei. Tuliona mfupa, tuliona mti na ufa wake, tuliona misumari mingi kuliko tulivyotaka, lakini ukanda ulikuwa mwembamba na mti nyuma yake mnene, herufi zikamezwa.

Hapo nikakumbuka kwamba kuna namna mbili za kuandika kwenye fedha, na hili hata fundi wa pete wa mtaani atakwambia. Unaweza kuchonga, ukaondoa metali kwa ncha kali, na nyuma hakubaki kitu. Au unaweza kugonga kwa tindo butu, usiondoe chochote, uisukume tu metali iingie ndani, na kila unachokiandika mbele kinajitokeza kwa nyuma, kimevimba na kimegeuka kushoto kulia. Kama maandishi haya yaligongwa, basi upande wa ndani wa ukanda, unaolala juu ya mti, haujawahi kuguswa na majivu wala dawa ya meno. Nilimpigia Margit simu. Alikuwa bustanini kwake. Akasema, "Na umechelewa nini kugeuza?"

Nilichelewa kwa sababu ya Helen, na Helen alikuwa sahihi. Ukanda ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Kuutoa kungetaka kung'oa misumari iliyokaa pale tangu fundi wa kwanza, na sheria yetu ya kwanza, mnaijua, ni kutofanya kisichoweza kutenguliwa.

"Shirin, nikipasua ukanda huu nimepasua kitu ambacho hakina ndugu duniani," alisema. "Afadhali uwe mzima na bubu."

"Kwako ni ukanda. Kwa yule mama ni mtu."

"Najua. Na mimi ndiye nitakayeulizwa na wote wanaokuja baada yetu."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Hatukugombana, ila kwa siku kadhaa tulikunywa chai kila mtu kwenye meza yake.

Kilichotupatanisha ni huo huo mkono. Nikiukagua kwa hadubini niliona kwamba kwa upande mmoja vimisumari viwili vilikwisha kudondoka zamani, na ncha ya ukanda ilikuwa imeinuka, inashika kila uzi wa pamba unaopita. Ilikuwa lazima itulizwe, jina au bila jina, na huwezi kutuliza kitu bila kwanza kusafisha chini yake. Nilimwonyesha Helen. Akaangalia muda mrefu. "Fuata palipokwisha kuachia," akasema. "Msumari ukikukatalia, umekukatalia."

Kwa hiyo nilifanya kazi kwa ruhusa ya misumari. Niliweka karatasi laini chini ya ncha, nikainua kiasi cha unene wa ukucha, nikaingiza kile kioo changu cha daktari wa meno na kitaa kidogo. Fikiria raha yangu, Furaha. Nyuma maandishi yamegeuka, na kioo nacho kinageuza, kwa hiyo herufi ya kwanza niliyoiona ilisimama imenyooka kama imeandikwa jana. Yaligongwa. Yule fundi alikuwa na mkono mzuri, kila herufi ina mikia miwili midogo, na kwenye kona moja tindo lake liliteleza akaacha mkwaruzo ambao mbele bila shaka aliuficha.

Iliendelea hivyo majuma kadhaa. Msumari uliolegea ulitoka kwa vidole, nikauweka kwenye kijisanduku chake na namba yake. Uliobana niliuacha, nikauzunguka. Herufi zilikuja mojamoja, Kilatini, na Helen akawa anashuka kila mchana kusoma, akijifanya amekuja kuangalia unyevu wa chumba. Neno la kwanza likatoka: mkono. Hilo tulilijua. La pili likatuchanganya. Helen aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akaniambia linamaanisha "wa mmoja". Tukatazamana. Kisha ukaja msumari uliokatalia, na nyuma yake maneno yote yaliyobaki.

Nilijaribu kuingiza kioo kutoka juu, kutoka chini, kikagoma. Nikamwambia Helen tumefika mwisho, na nilikuwa namaanisha. Nilikuwa nimeanza hata kufikiri nitamwambiaje Sista Odile. Helen aliinama kwenye hadubini. Kisha akavaa glavu, akachukua koleo langu dogo, akasema, "Kama utapasuka, nimeupasua mimi." Akauvuta ule msumari yeye mwenyewe, polepole, kwa namna ambayo Margit angeipenda. Ukatoka. Ukanda haukupasuka. Tulisoma maneno yaliyobaki pamoja, vichwa vyetu vimegusana.

Sista Odile aliletwa siku iliyofuata. Nilitaka aone kwa macho yake, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamshikia kioo. Hakuweza kuona vizuri, lakini alikubali kwa adabu kwamba anaona. Nikamweleza kwa Kiswahili.

"Masera, imeandikwa hivi: Mkono wa mmoja wa wenzake. Halafu linafuata jina la mkuu wao, shahidi, askari aliyeuawa pamoja na kikosi chake." Jina la mkuu huyo silitaji hapa, Furaha. Liko kwenye lebo, tena kwa herufi kubwa, kama ilivyo kawaida ya wakuu.

Alikisogelea kioo tena.

"Mumoja wa wenzake," akasema. "Na yeye? Jina yake?"

"Hawakuandika. Aliyeutengeneza mkono huu hakulijua. Tumeusoma ukanda wote, masera, mwanzo mpaka mwisho. Haukuwa na jina lake tangu siku ya kwanza."

"Hata kabla ya majivu."

"Hata kabla ya majivu."

Akaweka fimbo zake chini. Akajifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakatikisika, nami nikamshika mgongo nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwapo pia, lakini alikuwa anacheka.

"Mama Shirin," akasema, "miaka yote hii minaomba musamaha kwa kufuta mutu. Na sikufuta mutu."

Helen aliuliza amesema nini. Nikamtafsiria, akageuka upande akaanza kupanga brashi zangu, ambazo zilikuwa zimepangwa.

Mimi nilikuwa na wasiwasi bado na ofisi ya askofu, maana tuliambiwa jina, na jina hatukupata. Sista hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alisema kalenda ya kanisa imejaa watu hao, fulani na wenzake, fulani na wenzake, na kila mwaka Bukavu alikuwa akiwasomea watoto. Wenzake wanajulikana vya kutosha. Ikawa hivyo kweli. Ofisi ilisema inatosha.

Ukanda niliurudisha mahali pake, kila msumari kwenye tundu lake, na herufi zikarudi kulala juu ya mti. Hatukuung'arisha mkono. Uko na kijivu chake laini, na mnaousimamia sasa msithubutu. Kidirisha nilikifungua mbele ya padri, nikautoa mfupa ukiwa na kitambaa chake cha hariri, nikamkabidhi. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea.

Walinialika siku ya kuuweka mfupa. Ulikuwa ndani ya kijisanduku cha kioo nilichokitengeneza mwenyewe, usafi mtupu, nimekipangusa asubuhi ile mpaka hakina alama ya kidole. Nilikaa benchi la nyuma na mtandio wangu. Kabla hawajakiingiza altareni walikiweka mezani ili watu wapite. Sista Odile aliketi kando yake. Akaja mama mmoja wa Kikongo, kitenge cha kijani, ndiyo kwanza ametoka zamu ya kulea wazee, viatu vya kazi bado mguuni.

"Huyu ni nani, masera?" akauliza.

"Mutakatifu. Jina yake Mungu njo anajua," Sista akamwambia. "Sisi tunamwita mwenzetu."

Yule mama aliliwaza hilo kidogo. "Haya, mwenzetu," akasema, "basi unisikie na mimi." Akainama akakibusu kile kioo, akaondoka, akaacha alama nzima ya midomo, nyekundu, katikati kabisa.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba kutafuta kitambaa. Nikaukamata, nikaurudisha mapajani, nikaacha foleni iendelee kupita.